Taa Iliyopewa Jina

Kutu haioti kwenye ngozi ya mtu. Hilo Nthambi alilijua kama anavyojua kwamba maji hayapandi mlima. Lakini asubuhi ile alipomvua Nzioki kofia ya sufu ili amwogeshe, akapitisha kitambaa nyuma ya sikio lake, kitambaa kilirudi na rangi ya matofali.

Akadhani ni udongo. Lakini mtoto mchanga ambaye hata kukaa hajajua, udongo angeutoa wapi? Akasugua tena, polepole, ukatoka unga mwekundu, unga mkavu unaokwaruza, na harufu yake ilipomfika puani aliitambua papo hapo: harufu ya misumari iliyosahauliwa ndani ya debe la maji ya mvua. Mtoto hakulia. Alikuwa ametulia tu, macho yametoka pima, anatazama juu. Nthambi naye akainua macho, bila kujua kwa nini, akaitazama taa.

Taa ilikuwa imening'inia katikati ya sebule kwa mnyororo wake, imetulia. Hakukuwa na upepo. Ila tone moja jekundu lilikuwa limejikusanya kwenye ncha ya jani lake la chuma la chini kabisa, likasitasita, halafu likadondoka sakafuni.

Taa hiyo Ndeti, mumewe, aliitengeneza kwa mikono yake. Ndeti alikuwa fundi wa kuchomelea, na banda lake lilikuwa mjini Machakos, nyuma ya kituo cha mabasi. Stima ilipofika upande wao wa Mumbuni, mwaka mmoja baada ya ule wa mgao wa umeme, alikusanya vipande vya vyuma vilivyobaki kwenye mageti ya watu, akavipinda, akavigonga, akatoa taa yenye mikono mitatu, kila mkono umezungukwa na majani, na kila balbu imekaa ndani ya ua. Ilikuwa zawadi. Nthambi alikuwa ameolewa siku nyingi na bado hajashika mimba, na Ndeti, ambaye maneno ya kumfariji mtu hakujaliwa, alimfariji kwa chuma.

Siku ya kuiwasha waliita watu wachache wanywe chai. Wayua naye akaja. Wayua alikuwa mke wa Wambua, kaka mkubwa wa Ndeti, na nyumba yake ilikuwa pale pale bomani, juu kidogo ya mteremko. Watoto wake walikuwa watatu, na hakuwahi kuingia nyumbani kwa Nthambi bila angalau mmoja wa kumpakata huku akiongea. Siku hiyo alimpakata kitindamimba wake, Katunge. Taa ilipowaka watu wakapiga makofi, Wayua akaitazama, akaizunguka, akasema:

"Aiya! Shemeji, hii kitu ni nzuri hivi na mimi umenichomelea grili za dirisha tu, kama za jela?"

Watu wakacheka. Wayua akaona wamecheka, akaongeza. Akamfungua Katunge uzi wa shanga za buluu shingoni, zile ambazo kwa Wakamba mtoto hufungwa siku anapopewa jina ili ahesabike kuwa ni wa watu na si wa mizimu tena. Akapanda juu ya stuli, akaufunga kwenye shina la taa.

"Hongereni basi. Hata nyinyi mmepata mtoto. Si mmpatie jina?"

Hapo hakucheka mtu. Ndeti akatazama kikombe chake. Nthambi alihisi donge limempanda kutoka tumboni mpaka kooni, donge la miaka yote ile, la kila kitoto alichopakatishwa kwa nguvu ili "aonje bahati", na badala ya kulia akatabasamu.

"Ako na jina," akasema. "Anaitwa Mwende."

Mwende, yaani aliyependwa. Alilitamka kwa hasira tu. Ila lilikuwa limeshatoka mdomoni, na watu walikuwa wamelisikia.

Sasa, nyumba yao ilikuwa chini ya milima ya Iveti, na wanaokaa huko wanajua ukungu wa mwezi wa saba. Unaingia chini ya mabati na hauombi ruhusa. Jumlisha mvuke wa jikoni, maharagwe yanayochemka tangu asubuhi. Chuma kitupu hakiwezi kuhimili. Ndeti alitaka kuipiga taa rangi nyekundu ya kuzuia kutu, halafu nyeusi juu yake, lakini Nthambi alikataa, akasema rangi itaziba ile mishipa ya majani aliyoichora kwa patasi.

"Basi itabidi uilee," Ndeti alimwambia. "Panguza na kitambaa kikavu. Ukiona doa, msasa laini. Halafu mafuta, kidogo tu, chuma kisipigwe na hewa. Adui ya chuma si maji, ni maji yaliyoachwa."

Mafuta yalikuwepo. Mama yake Nthambi alikuwa amemletea chupa ya mafuta ya mbarika kutoka Muthetheni, kayakamua mwenyewe, ya kumpaka mtoto atakapokuja. Chupa ilikaa kabatini, mtoto haji. Basi Nthambi akaifungua. Kila Jumamosi akawa anapanda stuli, anaipaka taa jani kwa jani, ua kwa ua, kwa vidole, na akiwa peke yake alikuwa anaiongelesha. Mwende wangu, leo umependeza. Mwende, geuka nikupake mgongo. Mara nyingine aliimba ule wimbo wa kubembeleza watoto. Hakuna aliyemwona, na kama yupo aliyemwona basi hakusema.

Chuma kile hakikushika kutu hata chembe. Juu pale kwa Wayua grili zilikuwa zinachuruzika wekundu ukutani kama zimechinjiwa kuku, na Wayua, akija kuomba chumvi, macho yake yalikuwa yanaenda moja kwa moja juu. "Huyu mtoto wako mbona hazeeki?" alikuwa anauliza, na kicheko chake kilikuwa na mkwaruzo ndani. Mungu amsamehe Nthambi, alikuwa anaufurahia mkwaruzo huo. Kwa mara ya kwanza Wayua alikuwa anamwonea kijicho.

Halafu Nzioki akaja. Na Nzioki alipokuja chupa ya mbarika ikahamia kwake, na Jumamosi zikawa za kufua nepi, na stuli ikawa ya kuwekea beseni. Taa ikasahaulika, wala hapakuwa na ubaya. Nani anakumbuka taa akiwa na mtoto?

Kutu ya kwanza ilitokea juu ya taa kwa usiku mmoja. Ndeti alipoiona alifikiri mabati yanavuja, akapanda darini, akakuta pakavu. Baadaye likaja lile doa nyuma ya sikio la mtoto. Nthambi aliliosha, jioni likarudi, limeshuka mpaka shingoni. Kisha ikaja sauti. Ilikuwa inakuja akikaa kochini kunyonyesha: Nzioki akishika ziwa na kuanza kuvuta, na juu nako kitu kinavuta, mnyonyo mwembamba, wa kufuatisha, nyo, nyo, nyo, na Nzioki akipumzika kumeza, kile cha juu kinaendelea kidogo kabla ya kukumbuka kunyamaza. Akaacha kunyonyesha sebuleni. Siku aliyobadilisha, balbu zote tatu zilipasuka kwa pamoja mchana kweupe, swichi ikiwa imezimwa.

"Ni nyaya," Ndeti alisema.

"Baba Nzioki, swichi ilikuwa imezimwa."

"Basi ni nyaya mbaya."

Lakini kutu ilimuudhi. Mtu hawezi kukaa na kazi ya mikono yake mwenyewe inaoza juu ya kichwa chake. Siku hiyo akarudi mapema na brashi ya waya, akapanda stuli, akamwambia mkewe ampeleke mtoto chumbani asivute vumbi. Nthambi akamlaza Nzioki kitandani, amelala fofofo, akakaa kando yake.

Brashi ikapita juu ya chuma, kwaruu, na Nzioki akapiga ukelele.

Brashi ikanyamaza. Nzioki akanyamaza, kifua kinapanda na kushuka. Kwaruu. Ukelele. Kwaruu, kwaruu, na mtoto anajikunja kama unyasi ulioguswa na moto, na Nthambi akamfungua vifungo, akamgeuza, akaona mgongoni mistari myembamba iliyopangana, mingi, imetoka kama mtu amepitisha kitana cha chuma, na kila brashi ilipolia kule sebuleni mistari mingine ilijitokeza hapa mbele ya macho yake, na hakuna kitu kilichomgusa mtoto, hakuna, hewa tu.

Akatoka naye mbio. "Wacha! Ndeti, wacha!"

"Nini sasa?"

"Unampiga! Unampiga mtoto!"

Ndeti akashuka. Akautazama mgongo wa mwanawe, akaitazama brashi. Alijaribu kucheka, kicheko kikamkataa. "Nthambi, mimi nimeshika chuma tangu nimalize shule. Chuma haina uchungu."

"Basi panda upige tena. Panda, mimi nikushikie mgongo uone."

Ndeti hakupanda. Alienda akachukua koleo, akaifungua taa kwenye ndoano, akasema anaenda kuitupa korongoni. Alipovuka kizingiti nayo, Nzioki aliacha kupumua. Si kwamba alikwama kidogo. Aliacha, midomo ikawa rangi ya zambarau, na Nthambi akapiga yowe ambalo lilimrudisha Ndeti kinyumenyume mpaka ndani. Taa ilipofika sebuleni mtoto akavuta pumzi. Wakaining'iniza mahali pake, Ndeti akifunga mnyororo kwa vidole vilivyokuwa vinateleza kwa jasho.

Karibu na msikiti wa mjini alikuwepo mwanamke wa asili ya pwani, Bi Swabra, aliyekuwa akiuza mahamri asubuhi, na mchana watu wa kila dini walikuwa wanapita kwake na shida ambazo huwezi kumwambia daktari. Alikuja kesho yake alasiri, buibui lina unga wa ngano kwenye mkono, akakaa kwenye kiti, chai akaikataa. Akaiangalia taa kwa muda, jinsi unavyomwangalia mtoto wa mwenyewe aliyekaa pembeni na kununa.

"Nani kafunga hizi shanga?"

"Mke wa shemeji yangu," Nthambi akasema. "Ilikuwa mzaha."

"Na jina? Maana naona ana jina."

"Ni mimi."

"Na mafuta? Ulimpaka kwa kitambaa?"

"Kwa mkono."

"Ukimwimbia?"

Nthambi akatazama chini. Ndeti akageuka kumtazama mkewe.

"Sasa mwanangu wanitafutia nini mimi?" Bi Swabra akasema. "Mwana ni wako huyu."

Kisha akashusha sauti, na wote watatu wakajikuta wamesogeleana. "Hawa wenzetu wasioonekana huogopa chuma. Ndiyo maana mzazi huwekewa kisu chini ya mto. Lakini chuma hiki umekilainisha. Umekifunga shanga, umekiita, umekipaka mafuta ya mwana, umekiimbia. Kulikuwa na mmoja asiye na mama akipita na ukungu huko nje, akasikia aitwa aliyependwa. We ungekuwa yeye, usingeingia?"

"Anataka kumuua mtoto?" Nthambi akauliza, na sauti ilimtoka kama ya mtu anayesemea ndani ya mto.

"Hataki kuua. Ana wivu. Huyu ni mwana wa kwanza aliyeachishwa ziwa ghafla, hakuambiwa neno, akaona mdogo wake apakwa mafuta yake kwa mkono ule ule. Hujaona watoto humfinya mdogo wao mama akitoka? Tofauti yake, huyu vidole ni vya chuma. Atafinya mpaka mwisho, na hatajua kuwa ndio mwisho."

"Nirudi kumpaka, basi. Nitampaka kila siku, aki nitampaka."

"Hapo utakuwa na wana wawili, na mmoja hakui wala hafi. Huyu wako wa nyama atakuwa mzee na bado afinywa." Bi Swabra akasafisha koo. "Huku kwenu mwana mwaachishaje ziwa?"

"Tunapaka shubiri. Ama pilipili."

"Basi. Na huyu ni hivyo hivyo."

Akamweleza. Taa apakwe shubiri mahali pote palipokuwa panapakwa mbarika. Kutu ikija, isipanguzwe. Jina lisitajwe tena. Jioni, baada ya magharibi, Nthambi akae chini yake na mtoto wake, peke yake, maana anayeachisha ni mama. "Atalia. Atalia kwa sauti ya huyu. Wewe shika uliyemshika, usimpokee anayelia juu, hata moyo ukupasuke. Akichoka atakuuliza aende wapi. Hapo mjibu, na utajibu mara moja tu. Mwambie baharini. Mwambie jangwani. Popote pasipo mwanadamu. Usimtajie mlango wa mtu, mwanangu, maana ataubisha, na mimi huko sitakuwa na la kufanya."

Jioni hiyo stima ilipotea Mumbuni nzima. Bi Swabra alikaa nje barazani na Ndeti, anasoma kwa sauti ya chini, na Nthambi akakaa kochini gizani, Nzioki kifuani, leso imewazunguka wote wawili. Mikono yake ilikuwa inanuka shubiri. Alikuwa anasikia ile sauti ya kisomo nje, na mbali kidogo redio ya betri kwa Wayua, na watoto wa Wayua wakigombania kitu na kucheka.

Mnyororo ukalia. Kidogo tu, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Kisha kikaanza kilio, na Nthambi alikuwa amejiandaa kusikia kitu cha kutisha, mngurumo au kicheko, lakini kilikuwa kilio cha Nzioki, kile kile cha njaa ya jioni, chenye kukwama mwanzoni na kupanda mwishoni, ambacho angekitambua katikati ya watoto mia, na kilikuwa kinatoka juu. Na Nzioki aliyekuwa kifuani kwake alikuwa kimya. Akamgusa shavu, lilikuwa baridi. Akamgusa mkono, ulikuwa baridi na mgumu, na uzito wake ukaanza kuongezeka, taratibu, kama beseni linalojazwa maji, mpaka mapaja yakamuuma na leso ikamkata bega, na harufu ya misumari iliyolowa ikajaa ndani ya leso, na juu pale mtoto wake analia, anamlilia yeye, na maziwa yake yenyewe, ambayo hayajui uongo, yakaanza kutiririka kwa kile kilio, yakalowanisha blauzi, na akaanza kufikiri, je, kama wamebadilishwa, je, kama kile kizito nilichokikumbatia ndicho chenyewe na Nzioki wangu wa nyama ananing'inia juu ya ndoano gizani, anashikilia jani kwa vidole vyake vidogo, ananiita, na mimi mama yake nimekaa hapa nimekumbatia chuma kwa sababu mwuza mahamri ameniambia nikikumbatie?

Akasimama. Mkono mmoja ukanyooka juu peke yake. Kilio kikawa cha furaha, kile cha mtoto aliyeona anapokelewa, na kitu kidogo cha uvuguvugu, cha ngozi, kikafunga vidole vyake kwenye kidole chake cha shahada.

"Shika uliyemshika!" Bi Swabra akapaza sauti kutoka nje, kama aliyeona kupitia ukutani.

Nthambi akauvuta mkono. Vidole vile havikutaka kuachia, vikamchubua. Akaanguka kochini, akaingiza pua yake utosini mwa ile baridi aliyokuwa ameishika, akanusa, akanusa chini ya kutu, chini kabisa, na huko chini akakuta tone moja la harufu ya maziwa yaliyochacha, kama taa ya kibatari inayokaribia kuzimika. Akambana hapo. "Wewe ndio wangu," akanong'ona. "Wewe. Wewe. Wewe."

Juu kilio kikapungua. Kikawa kwikwi. Kikanyamaza. Halafu, karibu sana, karibu na sikio lake, sauti isiyo ya mtoto wala ya mtu mzima ikasema:

"Mama. Nimekosa nini?"

Akambana Nzioki zaidi.

"Niende wapi?"

Neno lilikuwa ulimini. Baharini. Alikuwa amelisema moyoni tangu alasiri, hata shubiri alikuwa anaipaka huku akilisema. Akafungua mdomo.

"Huko nani atanipaka mafuta?"

Na kule juu mteremkoni Wayua alicheka. Alikuwa anachekea redio tu, au watoto wake, kicheko chake kile kile, kipana, cha mwanamke ambaye hajawahi kuomba kitu mara mbili. Nthambi alikisikia. Nzioki alikuwa baridi mikononi mwake, hakuwa anajua kama anapumua, na yule pale anacheka na watoto watatu wazima, yule aliyepanda stuli ya wenyewe akafunga shanga za mwanawe. Donge lilipanda kutoka tumboni mpaka kooni, na safari hii halikukuta tabasamu la kulizuia.

"Nenda kwa aliyekufunga shanga," Nthambi akasema. "Ako na watoto wengi. Hatakosa nafasi yako."

Kitu kikapita. Pazia likavutwa kuelekea nje, likabaki limenyooka, halafu likaanguka. Nzioki akapiga chafya, akalia, akawa na joto, mwepesi, mwenye mkojo, na Nthambi akamlia usoni kama mvua. Ndeti aliingia na tochi. Kwenye ndoano mnyororo ulikuwa umebakia, lakini majani yote yalikuwa yamemomonyoka, na sakafuni palikuwa na kichuguu cha unga mwekundu.

Bi Swabra alimgusa mtoto nyuma ya sikio. Ngozi ilikuwa safi. Akashukuru Mungu, akafunga kitabu chake.

"Ulimwambia wapi?"

"Baharini."

Bi Swabra akamtazama, akamtazama sana. "Bahari iko mbali," akasema. "Mbona kaondoka upesi hivi?" Lakini Ndeti alikuwa ameshaanza kumshukuru na kumshindilia kuku mkononi, na swali likapotea hapo.

Siku zikapita, Nzioki akanenepa. Ndeti alinunua taa ya plastiki, ya duara, mbaya, akaifunga moja kwa moja kwenye dari. Nthambi alianza kulala.

Ikawa anaanika nguo, Nzioki yuko mgongoni, akaona Wayua anashuka mteremko na Katunge ubavuni. Anatembea kwa haraka, uso umejaa habari.

"Mama Nzioki! Njoo uone maajabu kwangu. Zile grili zimeng'aa! Sijapiga msasa, sijapiga rangi, nimeamka tu nikazipata nyeusi, zinateleza, kama zimezaliwa jana. Wambua anasema nimeroga." Akacheka, lakini kicheko kiliishia njiani. "Ila tangu juzi kona moja imeanza tena. Na huyu naye halali. Usiku kucha ameangalia dirisha."

Katunge alikuwa ameegemea bega la mama yake, macho wazi. Alikuwa na kitu chekundu chini ya kidevu. Wayua akalamba kidole gumba, akapangusa bila hata kutazama, kama mama anavyopangusa uji.

"Hebu nisaidie," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane hapakuwa na dhihaka ndani ya sauti yake. "Ile taa yako ilikaa vizuri miaka yote. Ulikuwa unaipaka nini?"

Nthambi alishika kibanio cha nguo. Mgongoni pumzi za Nzioki zilikuwa zinapanda na kushuka shingoni mwake, vuguvugu, polepole. Mwambie, akajiambia. Mwambie sasa, mkimbie nyote kwa Bi Swabra, naye Wayua ataelezwa cha kufanya, ataulizwa na yule aende wapi, na Wayua naye ana mdomo, Wayua naye ana mtoto mikononi, na anajua vizuri mlango huu uko wapi.

Akaingia ndani. Akatoka na chupa, imebaki nusu, akaiweka kwenye kiganja cha Wayua na kumfumba vidole juu yake kwa mikono yote miwili.

"Mafuta ya mbarika," akasema. "Kwa mkono, si kwa kitambaa. Kila Jumamosi. Na usisahau hata moja, mama Katunge. Aki nakuomba, usisahau hata moja."